Saa ya Kifo

Fomu yangu ina kisanduku kimoja tu cha saa,
nami nina saa tatu mkononi.

Saa nne na robo usiku, madaktari wawili
wakatia sahihi: ubongo wa Obuya umezima.
Saa kumi, mashine ikanyamazishwa.
Saa kumi na moja, Kisumu ikiwa bado giza,
figo zake zikaondoka kwa barafu kwenda Eldoret.

Mamake, Perez Akumu, hajapiga nduru.
Ananiuliza, "Karani, nilie ya saa ngapi?
Jana usiku nilimsugua nyayo, zina joto.
Sisi husema mtu amekata roho.
Huu ubongo umekatwa na nani?"

Babu yangu, kule Nyakach,
waliwekea kioo puani.
Kilipobaki kikavu wakamfumba macho.
Ndiyo iliyokuwa sheria, nzima.
Siku hizi ina vifungu,
vifungu vimezaa vijifungu,
na kalamu ya serikali inavuja.

Naandika saa nne na robo, kama nilivyoagizwa.
Kisha pembeni, pasipo mstari,
naongeza kwa penseli:
mama alikubali saa tano na dakika ishirini,
amesimama,
kiatu kimoja cha mwanawe mkononi.