Chokaa ya Kasulu

Bi Thuwaiba alitoka Kasulu na kunde ndani ya soksi
na akili ya udongo mchachu:
chokaa kwanza, mvua mbili zipite,
ndipo mbolea ya Minjingu, kiganja kwa shimo.

Ibra akarudia yale yale.
Akamwaga chokaa chini ya mitende,
akangoja zamu yake ya falaji,
kunde zikaota manjano
kama meno ya mvuta kiko.

Mkwewe Sulaiyam akakoroga udongo katika kikombe cha kahawa,
akachovya karatasi, ikageuka buluu.
“Mama, uchachu uko wapi hapa?
Umemlisha chumvi mtu aliyekunywa bahari.”

Hakujibu. Aling'oa mche, akauosha,
akatafuta mizizini vile vifundo
ambavyo ukivipasua ni vyekundu kama nyama mbichi.
Hakuona hata kimoja.
Kumbe miaka arobaini ya kulima
ilikuwa miaka arobaini ya Kasulu tu.

Asubuhi, ndoo mkononi, akabisha kwa Bi Shinuna
apandaye kunde tangu aolewe.
“Sikuja kuomba mbegu. Nigaie udongo.”
Shinuna akacheka mpaka akashika mlango,
kisha akamchotea, akaongeza samadi ya mbuzi
na salfa ya unga ndani ya kopo la maziwa.

Zimechipua. Majani bado hayajaamua rangi.
Kila jioni anainama, hagusi, anatazama.

Na chokaa iliyobaki?
Zizi la mbuzi limepakwa, linang'aa
kuliko msikiti.