Bakuli la Hina

Tone moja la damu, kijibao cheupe cha plastiki,
dakika kumi kwa saa ya ukutani.
Daktari Hatim, Msudani, hakutuacha tungoje kimya;
alimwonyesha mama namna ya kumkuna shingo paka aliyeogopa.
Mstari wa kwanza ukaja.
Wa pili ukaja nyuma yake, mwembamba kama utambi wa tambi.

"Bizari ana virusi," akasema. "Kaimati hana. Bado."

Hiyo "bado" tukaibeba garini,
tukapita nayo njia yote mpaka Maabela,
kiyoyozi kikivuma, redio hakuna aliyeiwasha.

Ni mate, alitwambia. Kulambana, kula pamoja,
kunywea chombo kimoja. Mapenzi, kwa ufupi.
Mama akakataa kwa kichwa:
maisha yake yote kafundishwa, naye kafundisha,
kwamba mate ya paka hayaharibu maji ya udhu,
kwamba hawa si najisi, ni wenye kutuzunguka majumbani.
"Tohara ni tohara, daktari."
"Tohara ni tohara, mama. Maradhi ni jambo jingine."
Hakukubali. Alinyamaza tu, akafunga kikapu.

Ijumaa akaja kaka Sleyum na hesabu zake.
Kwamba Sib kuna soko la samaki, paka hafi njaa pale.
Kwamba sindano moja ni riali ngapi.
Kwamba, jamani, huyu ni paka.
Mama akammiminia kahawa, akamsogezea tende,
kisha akasema kwa Kiunguja, polepole, kama anayetunga uzi:
"Maradhi hayapelekwi sokoni."

Bizari akapewa chumba cha nyuma, mama anakoshona kofia
(mteja mmoja wa Ibra amekwisha kuuliza
hizi nywele za manjano kwenye kofia yake ni za nani).
Bakuli lake likatiwa alama ya hina, kidole kimoja,
kwa kuwa rangi ya kucha humu ndani hakuna.
Mzima hula mwanzo, mgonjwa mwisho,
kisha mikono, kisha kubadili kanga.
Jiki imeyala maneno ya kanga moja,
limebaki WALA peke yake.

Usiku tunasikia kucha chini ya mlango.
Kaimati upande huu, Bizari upande ule,
tumbo moja, waliozaliwa nyuma ya duka la matairi,
na hakuna aliyewapa sababu.
Ila mama. Kiarabu paka hawa hawakijui;
kliniki waliitwa kwa Kiarabu wakamtazama mtu kama ukuta.
Wanajua njoo, koma, mwanangu, na mjinga wee.
"Si adhabu," huuambia mlango. "Hukukosa kitu. Kuna kitu kimeingia."

Mwezi wa saba umeme ulikatika,
nyuzi arobaini na sita,
mama akafungua milango yote bila kufikiri.
Niliwakuta juu ya marumaru ya jikoni,
ulimi wa huyu sikioni mwa yule.
Ilinipasa niwatenganishe.
Nilihesabu kwanza mpaka ishirini.
Hesabu hiyo Daktari Hatim sijamwambia.

Siku tisini, kisha Kaimati apimwe tena.
Zimebaki kumi na moja.
Bizari kapungua; fizi zake zimepauka
kama ngozi ya ndani ya kitunguu thaumu.
Kuku wa kuchemsha humla mkononi, sahani haitaki,
na mama humpigia magoti, magoti yale yale
yaliyomfanya aswali juu ya kiti.

Tangu alfajiri, mlango huu, mlango ule,
bakuli safi, bakuli la hina, sabuni, kanga, tena.
Paka ndio walioambiwa ni wenye kuzunguka.
Siku hizi wao wamelala,
na mama, miaka sabini na mitatu,
ndiye anayewazunguka,
akilalamika njia nzima.