Uzito wa Wawili

Mashine mbili za matairi manne
fundi Kirumbuyo amezitoa uani, kule Pasua,
akazipangusa viti kwa kipande cha kanga.
Nyekundu: gia tano, zapandishwa kwa mguu wa kushoto.
Kijani: haina gia za kuhesabu, ni mkanda tu
unaojibana na kujilegeza ndani ya kasha lake
kama mpika ndizi ajuaye moto
bila kufunua sufuria.

"Jaribu zote," akasema, "ila nenda na abiria.
Peke yako hata toroli litakupendeza."

Abiria ninaye. Ndeanasia,
mwenye chuma nyongani tangu mwaka juzi,
ambaye hajakanyaga Shimbwe tangu wamshone,
na kahawa ya mama yake huko juu
inachumwa na ngedere.

Tukaanza na nyekundu. Sifichi, niliipenda.
Njia ya Uru ikipinda nashusha gia,
injini inakoroma,
mlima unanijia mkononi kama kamba.
Lakini kila gia niliyobadili
kofia yake iligonga yangu kisogoni: ko.
Ya pili, ko. Ya tatu, ko.
"Upo?" nikauliza.
"Nipo. Nabisha hodi."

Na ekseli yake ya nyuma ni fimbo moja, nzima:
tairi la kulia likipanda jiwe
la kushoto linapewa habari zote,
na habari zile hazikupita kwangu.
Mimi nilikuwa nimesimama kwenye vikanyagio,
magoti yangu ndiyo springi zangu.
Yeye kakaa.

Tukarudi, tukabadilisha.
Kijani ilipanda bila kukata pumzi.
Kila tairi na mkono wake, kila mkono na shida zake;
moja likidumbukia shimoni
matatu hayaulizwi.
Hakuna ko.

Ila tulipovuka mfongo maji yakaufikia mkanda,
ukateleza, ukanuka mpira ulioungua,
injini inapiga kelele na sisi tupo palepale
kama mkutano wa kijiji.
Na kwenye mteremko haikunishikilia,
nikaminya breki mpaka vidole vikafa ganzi,
Ndeanasia kanilalia mgongoni
na uzito wake wote na mkoba.

Tukasimama mgombani. Nikaanza hesabu kwa sauti:
nyekundu ina kifua cha kushuka nacho,
kijani ina adabu ya kupanda,
nyekundu haiogopi maji, kijani haimuumizi mtu,
nyekundu spea zake zipo hapo stendi...

Hakuwa akisikiliza. Alinyoosha fimbo
kwenye springi ya nyuma.
"Hii pete yenye ngazi ni ya nini?"
"Ya kukazia. Kulingana na uzito."
"Imekazwa kwa uzito wa nani?"

Nikainama. Ngazi ya kwanza, kati ya tano.
Mtu mmoja, mwembamba, asiye na mzigo.
Nyekundu hata sikuitazama.
Miaka ishirini na sita nampakia huyu mwanamke,
pikipiki tatu, moja ya parokia,
na pete kama hii sijawahi kuigusa.

Spana yake sikuwa nayo.
Nilitumia bisibisi na jiwe: ngazi ya pili,
ya tatu,
ya nne ikaondoka na kucha yangu.

"Basi sogea nyuma," akasema.
Mguu wake wa kushoto hauwezi kuinua gia,
lakini kijani haiombi mguu,
inaomba kidole gumba tu.
Akapanda kwa upande, polepole,
akiuma mdomo, akikataa mkono wangu.

Nikakaa mahali ambapo sijawahi kukaa.
Njia siioni. Naona shingo yake,
jasho chini ya mkanda wa kofia,
na kila jiwe linanifikia bila taarifa.

Kwenye mizizi ya mringaringa akaachia ghafla.
Ko: kofia yangu, kisogo chake.

"Upo?" akauliza,
bila kugeuka.