Risasi Moja

Ijumaa, Nizwa, kabla mnada wa mbuzi haujaanza,
kaka yangu Muhenna kanisimamisha duka la bunduki
niwe jicho lake la pili.
Wanaume wakanitazama. Nikawatazama.
Mimi fundi cherehani, nimetoka na futi shingoni
kama daktari na kipimo chake,
wala sikuona haya.

Anataka bunduki ya risasi moja.
Ya marisau anayo,
ile ya baba, mitutu miwili, kitako kimefungwa waya wa shaba,
iliyoshusha kanga na kwale wa Tabora
mpaka majirani wakachoka mchuzi.
"Marisau," anasema, "ni umbeya:
unarusha tu, moja litampata mtu."
Safari hii kibali ni cha kongoni mmoja,
mpwa wetu Sleyum kakilipia, mwezi wa saba,
na kongoni haendewi kwa umbeya.

Muuzaji akalaza tatu juu ya zulia.

Ya kwanza mtutu wake laini ndani, kama koo la chupa.
"Hii inakula kila kitu," akasema kwa Kiarabu,
"leo marisau, kesho risasi."
Kaka akaisukuma kando.
Mla kila kitu hajui ladha.

Ya pili ina mifuo, inaizungusha risasi
kama uzi unavyozunguka kwenye bobini,
lakini komeo lake liko kulia,
na Muhenna ni mashoto,
mashoto tangu chuoni, ambako mwalimu
aliufunga mkono ule kwa ukindu mwaka mzima,
na mkono ukangoja.

Ya tatu hukunjwa katikati. Mtutu mmoja,
mnene, wenye mifuo,
haina kushoto wala kulia.
Nikaipokea: nzito kama mtoto aliyelala.
Nikamwambia kwa Kiswahili, chini chini,
lugha yetu ya kufichia bei,
"Hii itakuua wewe kabla ya kongoni.
Mtu wa sukari, utaibeba maili ngapi?
Usitoe zaidi ya mia tatu."

Akaiinua.
Hapo ndipo nilipoona.
Ile nyepesi, ncha yake ilikuwa ikiandika hewani,
vijiherufi, vijiherufi,
kama mtu anayetia saini asiyoikumbuka.
Hii nzito, ncha ikatulia.
Uzito uliushika mkono wake
kama mama anavyolishika taya la mtoto
anapomfuta kamasi.

Hakusema kitu juu ya kutetemeka. Nami sikusema.
Nilivua futi.
Toka kifyatulio mpaka mwisho wa kitako, inchi kumi na nne na nusu.
Toka kiwiko chake mpaka pingili ya kidole, kumi na tatu na robo.
Nikapima tena.
Kanzu zake nashona mimi, mwaka wa thelathini huu.
Ya Idi ya mwaka juzi niliipunguza mabegani.
Ya mwaka jana nikaipunguza tena,
nikamwambia ni mtindo mpya.

"Kata hapa," nikatia alama kwa chaki yangu ya nguo,
"kisha ubandike mpira nyuma, bega halina nyama."
Muuzaji akajibu, bila kuinua macho,
kwa Kiswahili cha Urambo kisicho na hata doa:
"Kukata nakata bure, dada.
Ila hiyo mia tatu mliyonong'ona,
mwanangu anaoa mwezi ujao."

Muhenna alicheka mpaka akakalia sanduku la risasi,
akafuta macho kwa ncha ya kilemba.
Tulilipa mia tatu na arubaini.

Kile kipande cha mti kilichokatwa,
chembamba kama biskuti, kingali na harufu ya mafuta,
niliomba nikichukue.
Kiko kwenye droo ya cherehani, pamoja na vifungo.
Kongoni naye yuko zake huko, anakula majani, hana habari.
Mwezi wa saba bado uko mbali.
Mimi nilipima tu.
Sikuahidi kwamba bega litangoja.