Mkebe wa Chumvi

Jumapili, maji yakiwa yamekatika tena Umoja,
Wakesho alilimwaga kabati la jikoni sakafuni.
Mwalimu, alisema, amewaagiza wahesabu
plastiki zote za nyumbani, hadi kifuniko cha kalamu.

Tukakaa chini, miguu tumeinyoosha kama wasuka mikeka.
Vifuniko kumi na saba, mikebe tisa,
na havikubaliani, kama ndugu waliogombania shamba.
Vijiko vya mtindi. Mirija
ambayo hakuna anayeikumbuka sherehe yake.
Chupa iliyonuka mafuta ya taa
tangu tulipokuwa tukipikia stovu ya utambi.
Na nyuma ya mlango, kwenye msumari,
ule mfuko mnene uliomeza mifuko mingine
kabla haijapigwa marufuku;
niliuficha kama mtu afichavyo noti za zamani
akidhani serikali itajuta.

"Mia mbili kumi na nne," akaandika,
kisha akanitazama.
"Mama, kumbe sisi ni matajiri."

Dirisha lilikuwa wazi. Upepo ukitokea Dandora
hutuletea harufu ya vyote tulivyosema tumevitupa.

Jumatatu nikashuka ngazi, sufuria kwapani,
hadi kwa Kwamboka, ambaye kisu chake cha sukuma
kimelika hadi kikawa mwezi mwandamo.
"Leo unapikia hapa hapa?"
Wateja wakacheka. Nikacheka nao, ya nini kununa.
Majani yakaanguka sufuriani kwa mchakacho
niliokuwa nimeusahau, maana mfuko hunyamazisha kila kitu.
Akanitilia dhania juu.
"Hiyo ni bei ya mfuko," akasema.

Sasa maziwa nayafuata na chupa ya kioo
iliyokuwa ya asali, pale kwenye mashine;
kijana hubonyeza, povu hupanda, hutulia.
Sabuni ya mche imerudi karoni.
Mkate bado umenishinda: huja umeshavaa.
Na mitungi ya njano, ya lita ishirini,
asije mtu akaniambia niiache.
Bomba letu hukohoa Ijumaa tu,
na ahadi yangu inakomea kwenye kiu.

Lakini nimeruka. Narudi sakafuni, Jumapili ile.

Wakesho alikuwa ametenga mkebe mmoja wa aiskrimu,
una ufa ubavuni. "Huu utupwe."
Kifunikoni, kwa wino mzito, kwa herufi kubwa za Mwakio:
CHUMVI. SI SUKARI!!
Ni kwa ajili ya ile chai
niliyowaandalia wageni wa posa ya dada yake.
Shangazi mmoja aliinywa yote, kwa heshima,
akaomba na maji.
Mwakio alicheka hadi akashika ukuta,
na usiku ule ule akatafuta kalamu.

Shati lake limekuwa tambara, tambara limekwisha.
Sauti yake ilikuwa kwenye simu, na simu ikaibiwa Muthurwa.
Herufi hizi nimezisugua kwa sabuni na majivu
mwaka wa nne huu, hazijatikisika.
Wanasema ubaya wa plastiki ni kwamba haifi.
Nilikaa nayo mapajani
nikijaribu kuichukia.

"Huu hautupwi."
"Hata na ufa?"
"Hata na ufa. Kilichokwisha kuingia humu
kitafanya kazi hadi sisi tuchoke.
Wa kuzuiwa ni yule anayebisha hodi."

Akafikiri, ulimi nje, kama babake akipiga hesabu.
Akafuta nne, akaandika tatu,
na pembeni, kwa herufi ndogo:
*mmoja una mwenyewe.*

Daftari lilirudi Ijumaa, siku ya maji.
Mwalimu alikuwa ameweka alama ya kuuliza, nyekundu.
Hatukujibu. Mitungi ilikuwa ikijaa,
na sukuma jikoni ilikuwa inataka chumvi.