Sura ya Saba

Kitabu kilikuwa kimoja, sisi arobaini na wawili.
Mwalimu Candiru akakichana mbele yetu kwa wembe,
darasa likaguna kana kwamba amechinja njiwa,
kisha akakishona upya, vipande kumi na vinne,
kwa uzi wa gunia na majalada ya boksi la sabuni.
"Someni mnachopewa," akasema. "Mtaazimana."

Hivyo ndivyo tulivyosoma riwaya ile kuukuu, Arua,
muhula wa pili, vumbi la barabara ya Koboko
likitulia juu ya theluji ya watu wengine:
mkia kabla ya kichwa.
Mimi nilianzia sura ya kumi na moja,
nikamjua kapteni akiwa na mvi, amekaa na barua ya mamake
miaka sita, hajathubutu kuifungua.
Drani alianzia ya kwanza, akamjua kijana
aliyeuvuka mto wa barafu, risasi zikimpiga miluzi sikioni.
Wiki nzima tukamgombania mtu mmoja
kama vile ni wawili.
"Aliuvuka mto!"
"Na barua?"
"Barua si risasi, we mjinga!"

Kisha ikanifikia sura ya saba.
Humo yumo dobi. Hana jina.
Anaingia ukurasa wa tisini na nne,
anatoka wa tisini na saba, harudi tena.
Anapanda kizimbani na povu mikononi,
magoti yakigongana, mwandishi hakulificha hilo,
na sauti ni ndogo hata hakimu anamwamuru arudie:
aliyefungwa hakuiba, aliyeiba ni tajiri wangu.
Basi. Kesho yake hana kazi.
Kapteni yumo safu ya mbele, nishani kifuani.
Anayajua yote.
Anaitazama kofia yake.

Mwezi ule ule magunia matatu ya maharage
yakatoweka stoo. Wakamsimamisha Onzima wa getini
mbele ya paredi, mkanda wamemvua,
suruali kaishika kwa mkono.
Sisi wanne tulijua. Tulikuwa tumeruka ukuta usiku
kufuata mihogo ya kukaanga, tukaiona pikipiki
ya mtunza stoo ikinesa kwa uzito.
Kusema ni kujitaja.

Feni akanyosha mkono.
Feni, ambaye jina lake mwenyewe
lilimchukua pumzi mbili kulimaliza.
"Ma... ma... ma..."
Shule nzima ikaangua kicheko, hata walimu.
Hakushusha mkono. Jasho lilimtoka puani.
Alilivuta lile neno kama ndoo ya kisima kirefu,
kamba ikimponyoka, akiishika tena,
mpaka likafika, na pikipiki nyuma yake, na ukuta,
na yeye mwenyewe juu ya ukuta.
Hakututaja.
Wahenga walisema kwa mwoga ndiko kiendako kicheko.
Asubuhi ile kilipotea njia.
Na mimi? Viatu vyangu vilikuwa vya kahawia,
kamba ya kushoto imekatika, nimeiunga fundo mbili.
Naikumbuka vizuri sana.

Onzima akarudishiwa mkanda wake.
Mtunza stoo akahamishwa tu, nasikia akapanda cheo.
Feni akala viboko, akafukuzwa wiki mbili,
kwa hiyo siku ya jaribio hakuwepo
lilipokuja swali: *Ujasiri ni nini? Toa mifano riwayani.*
Niliandika kurasa tatu. Nilimweka dobi aya ya mwisho,
nikampamba. Nikapata saba kwa kumi,
na kwa wino mwekundu: *Umeelewa.*

Mwisho wa muhula vipande vikakusanywa.
Mwalimu Candiru akahesabu, akarudia kuhesabu.
Kumi na vitatu.
"Nani ana sura ya saba?"
Feni alikuwa dawati la mbele, shingo yake
bado ina alama. Hakugeuka.
Nzi aligonga kioo. Kengele ikanisaidia.

Miaka ishirini na sita.
Uzi wa gunia haujalegea, boksi bado linanukia sabuni.
Mwalimu amestaafu, yuko Ediofe, macho yamepungua nuru,
lakini wanasema husomewa.
Nimekifunga kwa karatasi ya kaki, nimeandika anwani,
na ndani kijikaratasi, mstari mmoja.
Kipo mezani
tangu Jumatatu.