Diski Ndani ya Soksi

Nduku, fundi wa ghorofa ya pili pale Luthuli,
aliifungua laptopu yangu kwa bisibisi nyembamba kama njiti,
akaitegea sikio kwanza, shavu mezani,
kisha akasema: moyo umekufa, mwili mzima.
Moyo mpya ni elfu nne na mia tano.
Nilikuwa na mia saba, nauli ikiwa humo humo.

Akavuta droo. Akatoa diski ya nje
ya mtu aliyeileta mwaka juzi asirudi,
ubavuni imeandikwa kwa wino mzito: HARUSI YA KEMUNTO.
"Mfumo tutaupanda humu. Utachomeka,
utawasha, utabonyeza F12 kabla haijazinduka.
Ukichelewa itautafuta moyo wake wa zamani
na itakwambia haikuoni."
"Na harusi?"
"Nimeiweka kwingine. Watu hurudi."

Tangu siku hiyo kompyuta yangu hulala ndani ya soksi,
soksi ya mpira ya kaka, ya bluu, mwenzake ilipotea,
waya nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.
Mchana mwili ni wa Osoro, kwenye saiba yake Kayole;
hunitoza nusu bei, kwa kuwa, asema,
mimi nakodi sanduku tu.
Jioni mwili ni wa ofisi ya wakili ninapopiga deki,
karani ameniruhusu, kibodi haina herufi H,
nikiandika "haki" nabonyeza shimo.
Vyovyote vile, kioo kikiwaka
ni paka wetu yuleyule juu ya karai,
folda zangu zimekaa nilipoziacha,
na mafaili ya wenyewe, kule ndani, siyagusi.
Mgeni hafungui kabati.

Ni polepole, sikatai.
Naweza kununua mandazi mawili, nile moja,
nifute mafuta vidoleni, nirudi,
na kile kiduara bado kinajizungukia.
Kila neno lazima lipite kwenye waya
mwembamba kuliko kamba ya kiatu.

Nachapa tasnifu za watu.
Jumanne nilikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili
wa Bwana Lekishon, juu ya visima na chumvi,
mtoto wa Osoro akaingia chini ya meza kutafuta kifuniko cha kalamu,
goti lake likagonga waya.

Hakuna kilichozimika. Hilo ndilo lililonitisha.
Mshale uliendelea kutembea,
sentensi yangu ikabaki imesimama palepale, safi,
saa pembeni ikasema saa tisa na dakika nne.
Nikagusa faili: kimya. Nikagusa jingine.
Mashine ilikuwa bado haijapata habari.

Baba alikuwa hivyo,
mwaka kiwanda cha betri kilipofungwa kule Viwandani.
Wiki mbili nzima alinyoa ndevu saa kumi na moja alfajiri,
akapiga viatu rangi, akafika mlangoni,
mkono ukashika komeo,
na hapo ndipo mwili ulipouliza jambo
ukakosa wa kuujibu.
Mama akimwambia, chai.
Yeye akirudi, akivua kiatu kimoja.

Nilizima kwa nguvu. Nikachomeka. F12, F12, F12.
Mistari myeupe ikashuka, ikikagua, ikihesabu majeruhi.
Vyote vilirudi ila ukurasa mmoja: Shukrani.

Nikauandika upya kwa kukisia.
Mungu. Mke. Msimamizi kwa subira yake.
Wazazi, waliouza ng'ombe wa maziwa
ili mimi nisome habari za maji.

Alipokuja kuichukua kazi yake alisimama mlangoni,
akausoma ukurasa huo mara mbili,
akaniuliza nani alinieleza ya ng'ombe.

Nikasema labda uliniandikia.
Nikaitoa diski kwa utaratibu, ingali na joto,
nikaitia kwenye soksi.